Friji Inayotekenya: Mwongozo Kamili wa Plagi, Waya wa Ardhi na Kujikinga na Stima Mombasa

"Vaa champali ukifungua friji." Ushauri huu utausikia Majengo, utausikia Kisauni, utausikia Likoni. Mtu analalamika kuwa mlango wa friza unamtekenya vidole, jirani anamshauri avae champali, na maneno yanaishia hapo. Watoto wanafundishwa kulikwepa bati la ubavuni, na mgeni aliyeingia miguu mitupu ndiye anayeruka.

Friji inayotekenya imeshatoa habari yake. Kuna stima kwenye bati, nyingi au kidogo, na waya ambao ungeipeleka ardhini ama haupo ama haufanyi kazi. Njia iliyobaki ni mwili wako. Leo inatekenya kwa sababu sakafu ni kavu na champali ni mpira. Siku utakayotoka kufua ukaushika mlango ule ule kwa mikono mibichi, haitatekenya, itakunasa.

Mwongozo huu unaifuata stima hiyo kutoka kwenye plagi hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini nje ya nyumba, kisha unarudi kwenye boksi la breka karibu na mita. Kazi za mwanzo utazifanya mwenyewe kwa bisibisi. Za mwisho ni za fundi mwenye leseni, lakini nitakueleza vya kutosha ili umsimamie na ujue akikufanyia ujanja.

Kwanza, ujue kinachoua

Stima ya Kenya majumbani ni volti 240. Mwili wa mtu aliyelowa unaweza kuwa na ukinzani wa ohm 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000, unapata amp 0.24, yaani miliamp 240. Sasa linganisha: ikifika miliamp 10 hivi misuli ya mkono inajikaza, na mtu anashindwa kuachia alichoshika. Ikipanda ikapita 50 na kupenya kifuani, moyo unaweza kupoteza mdundo wake na kubaki ukitetemeka bila kusukuma damu.

Fyuzi ya plagi ya amp 13 haikatiki mpaka ipite zaidi ya miliamp 13,000. Breka ya soketi kwa kawaida ni ya amp 32. Mtu atakufa mara nyingi kabla ya vitu hivi viwili kutikisika, wala si ubovu wao, maana viliwekwa kuzuia nyaya zisiungue na nyumba isishike moto. Ukimsikia mtu anasema "nyumba yangu ina breka, iko salama", mwambie breka hailindi watu.

Wanaolinda watu ni wawili. Wa kwanza ni waya wa ardhi, ambao unaishika stima iliyopotea kwenye bati na kuipa njia rahisi kuliko wewe. Wa pili ni kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD, ambacho kinahisi stima inavuja na kukata kabla moyo haujadhurika. Hawa wawili wanategemeana, na hapa Mombasa wanategemeana zaidi kwa sababu ya mawe tuliyojengea juu yake. Nitalifikia hilo.

Plagi: hii ni kazi yako

Chomoa plagi. Iguse: kama ina joto, au plastiki imegeuka rangi ya kahawia karibu na pini, kuna skrubu iliyolegea ndani. Plagi inayochemka haivumiliwi hata siku moja.

Tazama pini. Zile mbili fupi, za moto na nyutro, zina plastiki nyeusi nusu ya juu ili kidole kisiguse chuma plagi ikiwa imeingia nusu. Ile ndefu ya ardhi inatakiwa kuwa chuma kitupu kutoka juu hadi chini. Ukiona pini ya ardhi nayo imevishwa plastiki nusu, hiyo ni plagi bandia. Plastiki ile inazuia pini isigusane vizuri na shaba ya soketi, kwa hiyo unakuwa na waya wa ardhi kwa macho tu. Plagi za namna hii zinauzwa kwa bei ya kutupa. Itupe kweli.

Sasa fungua skrubu ya katikati. Ishike plagi ikiwa wazi, pini ya ardhi ikiwa juu. Upande wa kulia, kwenye fyuzi, unafungwa waya wa moto, rangi ya kahawia. Kushoto ni nyutro, buluu. Juu ni ardhi, kijani chenye mistari ya manjano. Herufi L, N na E zimeandikwa kando ya pini. Kwenye nyaya za ukutani za nyumba za zamani utakuta nyekundu kuwa moto, nyeusi kuwa nyutro na kijani kuwa ardhi. Tahadhari na vifaa kutoka Marekani: huko nyeusi ndiyo moto na nyeupe ni nyutro. Ukifuata mazoea ya rangi nyeusi utageuza kila kitu, mbali na kwamba kifaa chenyewe ni cha volti 120 na kitaungua.

Kufunga upya, fanya hivi. Menya ganda la nje la waya sentimita nne au tano. Kata moto na nyutro zifike kwenye pini zao bila kuvutika, lakini wa ardhi uache mrefu kidogo, umelegea. Sababu yake ni hii: mtu akikanyaga waya na plagi ikavutwa kwa nguvu, ardhi iwe ya mwisho kung'oka. Menya ncha milimita sita tu. Sokota nyuzi za shaba zishikamane, ziingize, kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa vidole. Ukitoka, hukukaza. Angalia pia kama kuna uzi mmoja wa shaba uliochomoza pembeni. Uzi huo mwembamba ukigusa jirani yake ni shoti. Usitie lehemu kwenye ncha, maana lehemu hulegea chini ya skrubu kadiri siku zinavyokwenda.

Mwisho, kile kibano cha chini lazima kibane ganda la nje, si nyaya za rangi. Nikifungua plagi ya mtu hapa ndipo ninapotazama kwanza. Ukiona rangi za nyaya zinachungulia nje ya plagi, aliyeifunga alikuwa na haraka.

Kuhusu fyuzi, gawanya wati za kifaa kwa 240. Pasi ya wati 2,000 inavuta amp 8.3, basi inataka fyuzi ya 13. Televisheni ya wati 150 haifiki hata amp moja, nayo inataka fyuzi ya 3. Kwa jumla, chini ya wati 700 weka ya 3, juu yake ya 13. Friji ina mota inayovuta stima nyingi inapowaka, kwa hiyo fuata karatasi ya mtengenezaji. Feni yenye waya mwembamba ukiipa fyuzi ya 13, waya utaungua kwanza na fyuzi itabaki nzima. Ile tabia ya kuzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyokatika nawaomba tuiache kabisa. Fyuzi mpya haifikii bei ya soda.

Si kila kifaa kinahitaji waya wa ardhi. Geuza chaja au feni ya plastiki utazame kibandiko: ukiona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, kimefunikwa mara mbili na kinaruhusiwa kuwa na nyaya mbili. Pini yake ndefu mara nyingi ni ya plastiki, kazi yake ni kufungua soketi tu. Lakini friji, pasi, mashine ya kufua, birika la stima, pampu, oveni, yaani chochote chenye bati la kushikika na kisicho na alama hiyo, lazima kiwe na nyaya tatu.

Ekstensheni na plagi za ng'ambo

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotezea waya wa ardhi bila kujua. Kuna ekstensheni zinazouzwa barabarani zenye matundu matatu kila mahali, lakini waya wake una nyuzi mbili tu. Tundu la tatu halikuunganishwa na kitu. Ukichomeka friji humo, umeiondolea ardhi yake hata kama nyumba nzima imefungwa vizuri. Chukua kipima stima cha dijitali, kiweke kwenye mlio, na ekstensheni ikiwa imechomolewa ukutani, gusa pini ya ardhi ya plagi kwa ncha moja na tundu la ardhi kwa ncha nyingine. Kikilia, ardhi ipo. Kikinyamaza, hiyo itumie kwa chaja za simu na taa, basi.

Mombasa ni mji wa bandari, na vifaa vya mtumba vinashuka kila wiki. Vile vilivyotoka Uingereza au Dubai vina plagi kama zetu. Vya kutoka bara la Ulaya huja na plagi ya duara yenye pini mbili na vipande vya chuma ubavuni. Vipande hivyo ndivyo ardhi yake. Ukiichomeka kwenye adapta ya bei rahisi, vipande vinagusa plastiki tupu na ardhi imekufa. Mashine ya kufua ya namna hiyo, iliyowekwa uani kwenye maji, ni hatari kubwa. Kata ile plagi, funga ya amp 13 yenye pini tatu kama nilivyoeleza.

Na ile kalamu ya biro. Sote tumeiona: chaja ya pini mbili, mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili vilango vya ndani vifunguke, halafu anapenyeza. Vilango vile viliwekwa ili mtoto asiweze kuingiza msumari kwenye moto, na pini ndefu ya ardhi ndiyo ufunguo wake. Ukivizoeza kufunguka kwa kalamu vinalegea, na mtoto anayekutazama amejifunza. Nunua adapta yenye pini tatu, na uhakikishe ina fyuzi. Nyaya tupu zilizobanwa kwa njiti ya kiberiti sitazizungumzia kwa urefu. Zichomoe leo.

Soketi ukutani

Chumvi ya bahari inaingia hadi ndani ya nyumba. Ukikaa Nyali karibu na ufuo, au Mji wa Kale ambako kuta za mawe ya matumbawe zinanyonya unyevu na kuutunza, soketi zako zinazeeka haraka kuliko za mtu wa Nairobi. Ichunguze kwa macho: alama za kuungua, kijani cha kutu ya shaba, plagi inayocheza ikiingia, mlio wa "tsss" ukiwasha. Yoyote kati ya hizo inatosha kuibadilisha.

Dukani utapata kipima soketi chenye umbo la plagi na taa tatu. Kichomeke, soma taa kwa kulinganisha na maelezo yaliyoandikwa mgongoni. Kitakwambia kama moto na nyutro zimegeuzwa, au kama ardhi haipo. Kila mwenye nyumba awe nacho. Ila kina upofu wake: hakijui kama ardhi ni nzuri au mbovu, kinasoma tu kuwa ipo, na hakiwezi kutambua ardhi ya uongo.

Ardhi ya uongo ni nini? Fundi amekuta nyumba haina waya wa ardhi, naye anataka taa za kipimo ziwake vizuri. Anachukua kipande kifupi cha waya na kuunganisha nyutro na ardhi ndani ya soketi ile ile. Kipimo kinafurahi. Lakini nyutro hiyo ikikatika au ikilegea popote huko nyuma, bati la friji linapata volti 240 nzima, hata kama friji yenyewe haina kasoro yoyote. Nawasihi mfungue soketi mtazame. Zima swichi kuu. Jaribu testa kwenye soketi unayojua ina stima kabla ya kuzima, kisha hakikisha hapa haiwaki, maana testa iliyokufa nayo haiwaki. Toa skrubu mbili, vuta soketi mbele. Ukiona kiwaya kimeruka kutoka N hadi E, usikitoe ukaendelea kutumia friji. Mwite fundi aweke ardhi ya kweli.

Fimbo ya shaba na jiwe la matumbawe

Nenda nje, karibu na mita. Nyumba nyingi zina fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, urefu wa mita 1.2 au 1.5, na waya wa kijani umefungwa kichwani. Wengi hawajawahi kuitazama tangu nyumba ijengwe. Clampu imeota kutu ya kijani, au waya umekatwa na mkata nyasi, au fimbo imefunikwa na simiti. Fungua, safisha kwa brashi ya chuma mpaka shaba ing'ae, kaza, kisha paka grisi. Kabla ya kuugusa waya huo zima swichi kuu, na ujue kuwa kukiwa na hitilafu nyumbani waya wa ardhi wenyewe unaweza kuwa na stima. Fundi akija kujenga kishimo cha ukaguzi chenye kifuniko, mlipe. Kinachoonekana ndicho kinachotunzwa.

Tatizo letu liko chini zaidi. Kisiwa hiki na sehemu kubwa ya pwani ya kaskazini vimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Ni mawe hayo hayo yaliyochimbwa Bamburi miaka mingi kutengenezea simiti, na yeyote aliyechimbisha shimo la choo anajua udongo unaisha upesi. Jiwe kavu la chokaa halipitishi stima vizuri. Fundi anapiga fimbo, inagonga mwamba kwenye sentimita 60, anaikata kwa msumeno na kuifunika. Ukija, unaona kichwa cha fimbo kimetulia na waya umefungwa vizuri. Hujui kwamba nusu yake iliondoka na fundi.

Basi simama hapo fimbo inapopigwa. Ikigoma, kuna njia tatu za haki. Sogeza mahali penye udongo wenye unyevu, kama vile maji ya mvua yanakopita. Au piga fimbo mbili tatu, zikiachana kwa angalau urefu wa fimbo moja, na kuziunganisha. Au chimba mtaro, ulaze waya mtupu wa shaba, ufukie kwa udongo mzuri. Penye mwamba mtupu, tundu linaweza kutobolewa kwa mashine na fimbo ikazungushiwa udongo wa bentonaiti unaoshika maji. Wapo wanaomwaga chumvi na makaa. Kipimo hushuka kweli, lakini masika mawili yakipita chumvi imesombwa na fimbo imeliwa.

Kisha dai kipimo. Fundi awe na mashine ya kupima ardhi yenye nyaya zake na vijiti vya kuchomeka chini. Kipima stima cha kawaida hakifanyi kazi hiyo. Kama unaweza kuchagua, pima wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa imekauka, kwa sababu kipimo cha baada ya mvua kinadanganya.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo kiini cha mambo. Chukua ardhi ya ohm 40, ambayo kwenye matumbawe mtu angeshukuru. Waya wa moto ukigusa bati la friji, stima inayokwenda ardhini ni 240 ugawe kwa 40: amp 6. Fyuzi ya 13 haijali. Breka ya 32 haijali. Bati linabaki na stima usiku na mchana, na waya wa ardhi umefungwa vizuri kabisa. Ili breka ya 32 ya kawaida iruke papo hapo inataka amp 160, yaani ardhi ya ohm 1.5. Kwa fimbo peke yake, kwenye mawe haya, sahau.

RCD: unachopaswa kununua hata kama ni kimoja tu

RCD hufanya hesabu kama makanga wa matatu: waliopanda na walioshuka lazima walingane. Inapima stima inayotoka kwa waya wa moto na inayorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliamp 30, maana yake kuna inayotoroka kwa njia nyingine, kupitia bati au kupitia mtu, na inakata. Inatakiwa kukata ndani ya sehemu 300 za elfu za sekunde, na tofauti ikiwa miliamp 150 ndani ya 40.

Rudi kwenye hesabu yetu. Zile amp 6 zilizoidharau breka ni miliamp 6,000. RCD inakata pale pale hitilafu inapotokea, kabla hujaugusa mlango wa friji. Ndiyo sababu hata ardhi ya matumbawe inatosha ikiwa na RCD: kwa kinadharia hata ohm 1,600 zingeiangusha kabla bati halijafika volti 50, ingawa fundi mzuri hatakubali zaidi ya 200 kwa sababu ardhi hafifu hubadilika na misimu. Na RCD bila waya wa ardhi? Inafanya kazi, ila inasubiri wewe uguse. Wewe ndiye unayekuwa njia, unapata mshtuko mfupi, halafu inakata. Ni bora mara elfu kuliko kukosa, lakini usiridhike nayo.

Ukinunua, soma usoni: iandikwe 30mA au 0.03A. Ya 100 au 300 ni ya kuzuia moto, hailindi mtu. Nambari kubwa kama 40A au 63A ni uwezo wa kubeba mzigo, usichanganye. Kama una mashine ya kufua ya kisasa au AC ya inveta, omba aina A. Angalia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, na nambari ya kibali chake unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na nambari hiyo kwenda 20023.

Ina kitufe cha T. Kibonyeze mwanzo wa kila mwezi. Watengenezaji wengi huruhusu muda mrefu zaidi, lakini hewa yetu ya chumvi hugandisha mitambo, na mimi siamini RCD ambayo haijabonyezwa tangu Ramadhani iliyopita. Isiporuka, ibadilishwe. Kumbuka kitufe hicho kinapima RCD yenyewe, hakipimi fimbo yako.

Na lipo jambo isiloliona: ukishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, hesabu yake inalingana, kwake wewe ni kifaa kama vingine. Kwa hiyo kuwa na RCD si ruhusa ya kufanya kazi stima ikiwaka.

Ikiruka na kukataa kurudi

Wengi wakifika hapa humwita fundi "aitoe, inasumbua". Usikubali. Inakuonyesha mwizi. Chomoa kila kifaa nyumbani, si kuzima swichi tu, chomoa. Rudisha RCD. Ikisimama, chomeka kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho kibovu. Mara nyingi ni friza kuukuu, pasi, au birika. Ikikataa kusimama hata bila kifaa, zima breka zote, irudishe, kisha washa breka moja moja. Ile inayoiangusha, hitilafu iko kwenye nyaya zake, na kwetu, hasa masika, mshukiwa wa kwanza ni taa ya nje au kiungo kilichofungwa kwa tepu juu ya dari inayovuja.

Maji

Pampu ya kisima iwe na ardhi, RCD, na boksi lisiloingiza maji. Ining'inizwe kwa kamba, kamwe si kwa waya wake. Kabla ya kuivuta au kuingia kwenye tangi, plagi iwe mkononi mwako, si swichi iliyozimwa tu.

Koili ya kuchemshia maji inaua wanafunzi na wapangaji wasio na makosa. Tumia ndoo ya plastiki, ingiza koili kwenye maji kabla ya kuchomeka, na ukitaka kujua kama maji yamepata moto, chomoa kwanza ndipo uguse. Mtoto asiachwe nayo chumba kimoja hata dakika.

Shawa ya moto ya wati 5,000 inavuta karibu amp 21. Inataka waya wake yenyewe kutoka boksini, breka yake, RCD na ardhi. Kuchukua stima kutoka kwenye soketi ya chumba cha kulala ni kukaribisha moto. Bafuni pasiwe na soketi ya kawaida.

Mpangaji afanye nini?

Katika nyumba zetu za vyumba kando ya ukumbi, mita ni moja na nyaya zimevutwa kutoka chumba hadi chumba, mara nyingi mbili tu, bila ya ardhi. Huwezi kuvunja ukuta usio wako. Unaweza kununua RCD ya kuchomeka, inayokaa kati ya soketi na kifaa, na ukahama nayo. Anza na friji au pasi. Halafu wapangaji mwendee mwenye nyumba pamoja, mkiwa na picha za soketi zilizoungua. RCD moja kwenye boksi la mita inalinda vyumba vyote, na wengi wakigawana gharama inakuwa nyepesi.

Fundi yeyote wa kazi ya ukutani awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mwombe akuonyeshe kabla hajafungua begi, na akimaliza akupe cheti cha kukamilisha kazi pamoja na kipimo cha ardhi kwa maandishi.

Mtu akinaswa

Usimshike. Nasema hivi nikijua mzazi atataka kumrukia mwanawe, na hivyo ndivyo wawili wanavyokufa. Kimbilia swichi kuu uzime. Usipoifikia, simama juu ya kitu kikavu kama kiti cha plastiki, umsukume atoke kwa mti mkavu: mchi, mpini wa fagio. Kama ni waya wa nguzo ulioanguka barabarani, kaa mbali, mita 10 au zaidi, zuia watu, na upigie Kenya Power 97771.

Akishaachana na stima, mwite, tazama kama kifua kinapanda. Asipopumua, anza kumkandamiza katikati ya kifua, sentimita tano hadi sita kwenda chini kwa mtu mzima, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa atoe pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30. Asiyefunzwa aendelee kukandamiza tu. Mwingine apige 999 au 112. Usiache mpaka msaada ufike au aanze kupumua. Usimmwagie maji, usimzike mchangani, usimnyweshe maziwa.

Akizinduka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali hivyo hivyo. Kovu dogo la kuungua kwenye kidole linaweza kuficha madhara ndani ya mkono, na mdundo wa moyo unahitaji kupimwa kwa mashine. Waeleze wauguzi alishika nini, kwa muda gani, na kama alikuwa amelowa. Kile kifaa kilichomnasa kichomoe, kata plagi yake ili pasiwe na mtu wa kukiwasha, na kisirudi kwenye soketi mpaka fundi akifungue.